Kufuli kubwa haiponyi mlango uliolegea

Wewe mwenye duka Busia, au wewe ambaye kibanda chako kiko Malaba kando ya foleni ya malori, hebu nikuulize. Jioni unafunga mlango vipi? Kwa mkono mmoja? Ama ni ile sarakasi ya kuuinua kwa bega, kupiga teke pembe ya chini, halafu kusukuma komeo huku umekunja uso?

Kama ni sarakasi, naweza kukisia ulichofanya. Ulinunua kufuli kubwa zaidi. Ama uliita fundi akaja na grinda, akapanua tundu la komeo, ukamlipa, mkaachana. Mlango ukafunga vizuri siku chache, kisha ukarudi kulekule.

Mimi nasema tuache hiyo tabia. Tundu likipanuliwa, komeo linacheza ndani yake, na mlango unaocheza ndio mwenye nondo anaupenda. Umelipa pesa kumrahisishia mwizi kazi. Na ndani mna nini? Mitumba, vitenge, magunia ya mahindi, betri, simu za wateja zilizoachwa zichajiwe. Yaani mtaji wako wote, na wakati mwingine mkopo wa chama juu yake.

Mlango ukikataa kufunga, huwa unaonyesha wenyewe mahali panapouma. Shida ni kwamba tunakimbilia kufuli kwa sababu ndiyo tunayoishika kila siku. Mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo usidhani nakupa hesabu ya injinia. Hii ni kazi ya macho na dakika kumi.

Anza na nafasi kati ya mlango na fremu. Ifuate pande zote. Ikiwa ni pana juu upande wa komeo, na pembe ya chini inakwaruza sakafu, mlango umening'inia. Sasa ufungue nusu, ushike ukingo wa upande wa komeo, uuinue. Ukipanda na kushuka, angalia bawaba, zile mafundi wanaita hinji. Chuma cha katikati kimelika. Bawaba zibadilishwe, usikate mlango.

Kama bawaba ziko imara lakini fremu yenyewe inatikisika, au kuna ufa kwenye simiti pembeni yake, ugonjwa uko ukutani. Ning'iniza jiwe kwa uzi kando ya fremu. Uzi ukienda sambamba na fremu, sawa. Ukiachana nayo, fremu imelala, na hakuna welda atakayekuokoa kabla fremu kushikiliwa upya.

Halafu angalia saa. Ukifunga vizuri asubuhi na kukwama saa tisa mchana, hasa mlango unaotazama jua, hapo ni joto. Chuma cha mita 2 kikiongezewa joto la nyuzi 30 hurefuka kama milimita 0.7. Ni kidogo, lakini kama fundi aliubana mlango kwenye fremu bila nafasi, hiyo inatosha kukutoa jasho. Mlango wa mbao nao hukwama msimu wa mvua kwa sababu mbao hunyonya unyevu na kuvimba.

Una ule mlango wa mabati unaoshuka kutoka juu, wa godauni au gereji? Tazama reli za pembeni. Vumbi la barabara, kokoto au reli iliyogongwa na mkokoteni hutosha kuufanya ushuke upande. Pangusa reli kwanza. Usimwage oili chafu ya gari, maana inashika vumbi na kuwa kama gundi. Lakini ile springi ya juu usiiguse. Imekazwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka inaweza kukuvunja mkono. Hiyo mwachie anayeijua.

Ukishajua pale panapouma, ndipo umwite fundi. Usimwambie, "Niangalizie mlango." Mwambie, "Bawaba ya juu imelika, nataka mpya, bei gani?" Utaona mazungumzo yanavyobadilika. Fundi mzuri atafurahi, na yule wa kubahatisha atajikuna kichwa.

Kuna swali lingine ambalo wengi wetu tunaliogopa: nani analipa? Kufuli ni yako. Lakini fremu na ukuta ni vya mwenye nyumba. Tunanyamaza kwa kuhofia kufukuzwa, halafu kila mwezi tunatoa pesa ya kulainisha kosa la mjenzi. Ukweli ni kwamba Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301. Inamlinda hata mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, na kuna baraza maalum la kusikiliza migogoro hiyo. Sisemi uende huko kwa sababu ya bawaba. Nasema usizungumze na mwenye nyumba kama anayeomba msaada. Piga picha ya ufa, mtumie, taja tarehe, mkubaliane kama gharama itakatwa kwenye kodi.

Na kama ndio unatafuta chumba cha biashara sasa hivi, usibabaishwe na rangi mpya na eneo lenye watu wengi. Kabla ya kutoa pesa ya kwanza, funga mlango mara tatu, kwa mkono mmoja. Ukikataa, jadili bei au uombe urekebishwe kwanza. Ukishahamisha mali ndani, sauti yako inapungua.