Unahama telefone? Uulize kwanza umri wake

Hapa kwetu Lubumbashi, mutu akichoka na telefone yake, utamusikia akisema: « Mi nachoka na hii Android, naenda zangu ku iPhone. » Wengine, si wengi lakini wako, wanasema kinyume: wamechoka na iPhone ya okazio ambayo kila asubui inawaomba neno la siri la mutu wasiyemujua, na sasa wanatafuta Android hata ya bei ya chini. Kila mumoja anafikiri paa ya jirani haivuji.

Siicheki hasira yao. Leo telefone njo benki, njo posta, njo duka. Mama anayeuza samaki ku soko ya Kenya anapokea oda ku WhatsApp, na feza yake inafika kupitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Aplikasio ikijifunga pale muteja anamuandikia, ao tangazo likiruka mbele ya kioo pale anataka kupiga simu, ni mauzo ya siku ile yanapotea. Tena zile mega zinazoliwa na tangazo, ni yeye analipa.

Lakini niko na neno moja kwa wale wanaotaka kuhama. Wengi wao hawakimbii mufumo mubaya. Wanakimbia telefone iliyozeeka, kisha wanaenda kununua ingine iliyozeeka zaidi, ya mufumo mwingine. Ninaposema mufumo, ni ile programu kubwa inayoendesha telefone yote: Android ya Google upande mumoja, iOS ya Apple upande mwingine.

Tuanze na ile tunaita telefone mupya. Iko ndani ya karto, plastiki haijatoka, bei inafaa mufuko. Ukiangalia ndani, memwari yake ni giga 16 ao 32, na mufumo wenyewe umekwisha kukalia sehemu kubwa. Kinachobaki ni chako: mafoto ya kilio, mavideo ya ndoa, nyimbo za korali. Kisha WhatsApp inaingia na grupu ya familia, ya kanisa, ya avenue, ya wale mulisoma nao, na kila video inayotumwa inajiweka yenyewe ndani ya memwari kama haukuikataza. Nyuma ya miezi tatu telefone imejaa, na telefone iliyojaa inatembea pole pole, iwe ya mufumo gani. Kuko mafundi sokoni wanaopata mukate wao kwa kazi hiyo tu: kufuta mavideo ya watu. Muteja anarudi nyumbani akisema telefone imepona.

Hapo hakuna sababu ya kuhama. Unaingia katika WhatsApp, unaikataza kupakua video na foto bila ruhusa yako, unafuta za zamani, basi.

Kuko magonjwa mengine ambayo kufuta video hakuyaponyi. Katika mwaka wa 2020, wachunguzi wa Secure-D pamoja na waandishi wa BuzzFeed walitangaza kwamba telefone za Tecno W2 zilizouzwa katika inchi kadhaa za Afrika zilitoka kiwandani na programu za wizi ndani yake. Majina yake ni Triada na xHelper. Zilikuwa zinakula mega na inite, na kuwaandikisha watu kwa huduma za kulipa bila wao kujua. Kampuni ya Transsion, mwenye Tecno, ilisema kosa lilikuwa la mumoja wa wale wanaoiletea programu. Mutu aliyekutana na telefone ya namna ile, akiihama, nani atamulaumu?

Sasa tuende upande wa iPhone, pale watu wanaona kama mbinguni. Mwezi wa 12 mwaka wa 2017, Apple ilikubali kwamba masasisho yake, ni kusema zile programu mupya zinazoingia kupitia intaneti, yalikuwa yanapunguza mwendo wa iPhone zenye batri iliyochoka. Ilisema ni kwa kuzuia telefone isijizime gafla. Inawezekana. Lakini wateja hawakuambiwa, na wengi walikimbia kununua mupya wakati batri tu ingetosha. Ufaransa iliitoza Apple faini ya milioni 25 za euro katika mwaka wa 2020 kwa sababu ya ule ukimya. Italia ilikuwa imetangulia, katika mwaka wa 2018: milioni 10 kwa Apple, na milioni 5 kwa Samsung, ambayo telefone zake ni za Android. Pande zote mbili siku moja.

Neno lenyewe njo umri. Kila telefone iko na tarehe ambapo aliyeitengeneza anaacha kuitumia masasisho. Nyuma ya tarehe ile inaendelea kuwaka, inapiga simu, kioo kinangaa, lakini kidogo kidogo aplikasio zinaikataa. Wenye BlackBerry wanakumbuka. Mwisho wa mwaka wa 2017, WhatsApp iliacha kutumika ku BlackBerry za zamani. Mwisho wa 2019, ilikuwa zamu ya Windows Phone. Wale hawakuhama kwa kupenda, walifukuzwa. Mwezi wa 10 mwaka wa 2023, WhatsApp ilianza kuomba Android 5 kwenda juu. Na tangu tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka wa 2025, inaomba iOS 15.1, ni kusema iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus zimebaki inje. Basi kijana anayeacha Android yake ya miaka miwili kwa kununua iPhone 6 ya okazio, juu ya lile tunda lililolumwa mugongoni, ananunua telefone ambayo WhatsApp haiitaki tena.

Mimi mwenyewe nilihama katika mwaka wa 2023, toka Android kwenda iPhone ya okazio. Ile ya zamani ilikuwa inajizima katikati ya mazungumuzo, tena matangazo yalikuwa yanajifungua yenyewe usiku; jina lake nitaliacha, na duka pia. Sijutii. Matangazo yamekwisha, masasisho yanafika. Lakini siku ya kuhama nilielewa kwamba hakuna mutu sokoni anayekuambia yote.

Mafoto yalifuata bila shida. Manumero ya watu pia. M-Pesa haikuhama hata kidogo, juu feza iko ku numero yako kwa kampuni ya simu, haiko ndani ya chombo: unatoa kadi ya SIM, unaiweka kwingine, unapiga namba ile ile na unakuta feza yako. Kazi ilikuwa WhatsApp. Kopi ya mamesaji ambayo Android inaweka ku Google, iPhone haiisomi. Mpaka mwaka wa 2022 hakukukuwa hata njia ya kampuni yenyewe ya kuyatosha Android kwenda iPhone. Ilipokuja, ilikuja na masharti: numero iwe ile ile, iPhone iwe mupya ao imefutwa yote, zote mbili ziwe ku Wi-Fi moja, tena zote mbili ziwe zimeunganishwa na umeme. Umeme, hapa kwetu! Nilianza saa nane ya muchana. Kura ilikatika mara mbili, nikamaliza usiku. Mufanyabiashara ambaye madeni ya wateja wake yote yameandikwa ndani ya WhatsApp, asifanye kazi hiyo siku ya soko.

Kisha kuko mambo madogo ambayo kwetu si madogo. Mutu wa Kongo anatembea na mitandao miwili, wengine mitatu, juu mumoja ukianguka mwingine unashika. Android za bei ya chini zinapokea kadi mbili za SIM bila shida. iPhone nyingi ziko na nafasi ya kadi moja tu. iPhone haina pia nafasi ya kadi ya memwari, ile kadi ndogo ambamo watu wameweka mahubiri na rumba ya miaka kumi. Kutuma wimbo kwa Bluetooth toka iPhone kwenda Android ya rafiki, sahau. Sarjeri vilevile: mpaka iPhone 14, shimo lake ni lake peke yake, na siku kura imekatika unakwenda kuchajia kwa jirani, unakuta sarjeri yake haingii. Kwa sababu ya SIM, leo natembea na telefone mbili, ile kubwa na kadogo ka tochi. Wenzangu wanacheka.

Na kuko mutego mumoja ambao napenda kila familia yenye ndugu Marekani iujue. iPhone 14 iliyouzwa Marekani tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2022 haina nafasi ya kadi ya SIM kabisa. Hakuna tundu. Inatumia SIM ya ndani, isiyoshikika kwa mukono. Yaya anaituma kwa furaha, inafika Lubumbashi, na mutoto anazungusha telefone pande zote akitafuta pa kuingiza kadi yake. Mbele ya yaya kununua, mumuombe aangalie.

Juu ya iPhone ya okazio, sharti lingine ni konti ya mwenyewe wa kwanza. Tangu mwaka wa 2013 Apple iliweka kufuli: kama mwenye telefone hakutosha konti yake, telefone inakufungia mulango hata kama ulilipa. Muuzaji atakuambia: « Papa, usiogope, tutafungua. » Usilipe. Aifute mbele yako, aiwashe upya mbele yako, na kama inaomba konti ya mutu mwingine, umurudishie. Uangalie pia hali ya batri; iPhone 6 na zilizofuata zinaionyesha zenyewe, kwa asilimia. Ku Android, ingia katika maelezo juu ya telefone, usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, hiyo haiko mupya, hata kama plastiki iko juu yake.

Hapa ninataka kusema na wakubwa. Mwaka wa 2020 Serikali ilileta RAM, ile kodi ya telefone iliyokuwa inakatwa mu inite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G. Watu walilia, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Walituambia ilikuwa kwa kutulinda na telefone za bandia. Sawa. Feza imekwisha kuondolewa, lakini ule ulinzi uko wapi? ARPTC ilijua kuhesabu telefone moja moja pale palikuwa kitu cha kukata. Basi ijue pia kuuliza kila anayeleta telefone kwa kontena: hizi zitapata masasisho mpaka mwaka gani?

Si neno la ajabu ninaomba. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 2025, unadai telefone mupya zinazouzwa kule zipate masasisho ya mufumo kwa miaka isiyopungua tano, ikihesabiwa toka siku ambapo mutengenezaji anaacha kuuza modeli ile. Ninaogopa matokeo yake kwetu. Zile ambazo Ulaya haitaki tena, zitaenda wapi? Tunajua njia: Dubai, Dar es Salaam, Kasumbalesa, soko. Kobalti inatoka Kolwezi, inazunguka dunia, na inaturudilia ndani ya batri iliyokwisha kuchoka mukononi mwa mutu mwingine.

Wauzaji watasema: ukiandika tarehe, hakuna atakayenunua. Si kweli. Watu watanunua, lakini kwa bei yake. Telefone iliyobakisha mwaka mumoja haiwezi kuuzwa sawa na iliyobakisha miaka minne, kama vile hakuna anayelipa gari la mwaka wa 2005 bei ya gari la juzi. Ku gari tunajua kuuliza mwaka, tena tunainama chini kuangalia injini. Ku telefone tunaangalia kamera na rangi.

OCC iko mupakani Kasumbalesa kwa kupima vitu vinavyoingia inchini. Ku karto ya telefone nafasi iko, ya mustari mumoja zaidi: masasisho mpaka mwaka fulani. Na kwa okazio, muuzaji aandike mustari ule ule ku risiti, pamoja na sahihi yake.