Ramani mpya zipo viganjani, mtihani bado uko kwenye karatasi

Na Mwandishi Wetu

WANAFUNZI wa sekondari katika wilaya za Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani wanakua katika ardhi inayobadilika sura kila mwaka, lakini somo la Jiografia bado linawafundisha kuisoma ardhi hiyo kwa ramani za karatasi ambazo nyingi zilichorwa kabla wao hawajazaliwa.

Ukubwa wa mabadiliko hayo unaonekana katika sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na wakazi 1,098,668. Sensa ya Agosti 2022 iliwakuta wakazi 2,024,947, karibu mara mbili katika miaka kumi. Watu wanaotafuta viwanja nje ya Dar es Salaam wamevuka Kibamba kuelekea Mailimoja na Mlandizi, na wengine wamepanda vilima vya Pugu kuingia Kisarawe. Mashamba ya mikorosho yamegeuka mitaa, na reli ya kisasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017, imepita katikati yake.

Ramani iliyopimwa miaka ya nyuma haina reli hiyo wala mitaa hiyo.

Kwa miaka mingi, mtahiniwa wa Kidato cha Nne amekuwa akipewa kipande cha ramani cha kipimo cha 1:50,000. Hutakiwa kutaja mahali kwa namba za gridi, kupima urefu wa barabara kwa uzi au ukingo wa karatasi, kukokotoa mteremko na kueleza shughuli za wakazi kwa kuangalia alama. Ujuzi huo ni wa maana na haupaswi kubezwa, kwani asiyejua kontua kwenye karatasi hatazijua kwenye kioo cha kompyuta. Kasoro ni kwamba somo linaishia hapo, na eneo linalosomwa huwa ni la mbali, ambalo mwanafunzi hawezi kutoka nje ya darasa akalikagua kwa macho yake. Mtoto wa Kibaha anayeishi katika kata inayoitwa Picha ya Ndege anaweza kumaliza sura nzima ya kusoma picha za anga bila kuiona picha ya anga ya kata yake mwenyewe.

Zamani kisingizio kilikuwa bei. Katika miaka ya 2000, Rwanda ilipoanza kupeleka programu za ramani katika shule zake za sekondari, ilitegemea leseni za kampuni ya Marekani ya Esri, na si kila nchi ingeweza kupata mlango huo. Hali imebadilika. QGIS, programu iliyoanzishwa mwaka 2002, hutolewa bure. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watumiaji wenyewe, ilianza mwaka 2004, na Google Earth ikafuata mwaka 2005. Mwaka 2008 Marekani ilifungua bila malipo hazina ya picha za setilaiti za Landsat, mpango ulioanza mwaka 1972.

Vifaa navyo si hadithi ya mbali. Vishikwambi vilivyonunuliwa kwa ajili ya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kifaa kilichomwongoza karani wa sensa hadi mlangoni mwa kaya, na ambacho kazi yake ilitegemea nchi nzima kugawanywa kwa ramani za kidijitali katika maeneo ya kuhesabia watu, sasa kipo mezani kwa mwalimu wa Jiografia, ilhali wanafunzi wake wanafundishwa kana kwamba ramani hizo hazijabuniwa. Mwaka huohuo Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyoyapa majengo namba na kuyaingiza katika mfumo wa kompyuta.

Wala si kweli kwamba kazi hii inawahitaji wataalamu kutoka nje. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi kuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mifereji, njia na nyumba katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Kabla ya hapo, mpango wa kudhibiti malaria jijini humo ulioanza mwaka 2004 uliwategemea watu wa mitaani kuchora kwa mkono maeneo yao, shina kwa shina. Michoro hiyo ililinganishwa na picha za anga na kuingizwa kwenye kompyuta, ili wahusika wajue kila mahali penye maji yanayozaa mbu.

Somo la namna hiyo lingeweza kufanyika Kibaha, mji wenye kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Darasa la Baiolojia lingetoka na kuhesabu madimbwi, darasa la Jiografia likayaweka kwenye ramani, na la Hisabati likapima umbali kati ya dimbwi na nyumba ya karibu. Hata Fizikia ina nafasi yake. Simu hujua ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na kulinganisha muda ambao kila ishara imetumia kufika.

Kisarawe ina maswali mazito zaidi. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, umevutana kwa miaka mingi na wakataji mkaa, wakulima na watafuta viwanja, na mgogoro wa mipaka yake umewahi kuwang'oa watu katika makazi yao. Picha za Landsat za miaka tofauti zikipangwa sambamba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuona ni upande gani msitu umeliwa na kuanzia lini.

Swali jingine ni la maji. Mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam, lakini mji wa Kisarawe, ulio jirani, ulisubiri hadi mwaka 2020 kuzinduliwa kwa mradi wa kuyaleta maji hayo kutoka Kibamba. Mwanafunzi akichora mkato wa mwinuko kati ya sehemu hizo mbili kwa programu ya bure, ataelewa kwa nini bomba peke yake halikutosha na pampu ilihitajika.

Pamoja na hayo, kuwalaumu walimu ni kukosea shabaha. Mwalimu hupimwa kwa matokeo. Kisarawe yenyewe ilianzisha kampeni ya Tokomeza Ziro mwaka 2019, na hakuna mzazi aliyeipinga. Katika mazingira hayo, mwalimu anayetumia vipindi viwili kuwatoa wanafunzi nje na kishikwambi anaonekana anapoteza muda, kwa sababu jambo atakalofundisha haliulizwi kwenye mtihani. Ziko pia kero za kawaida: umeme kukatika, kifaa kimoja kwa darasa zima, na vifurushi vya intaneti ambavyo mwalimu hununua kwa fedha zake. Hiyo ya mwisho ina dawa, kwani QGIS hufanya kazi bila intaneti ilimradi picha na takwimu zimehifadhiwa mapema, na kompyuta moja yenye projekta inatosha kuanzia.

Lenye uzito zaidi ni uamuzi wa Baraza la Mitihani. Kazi moja ya ramani ya kata ya mwanafunzi ikiingizwa katika alama za tathmini endelevu, shule zitaifanya. Isipoingizwa, mafunzo yoyote kwa walimu yatabaki kuwa semina na vyeti vya ukutani.

Gharama ya kuchelewa inalipwa nje ya shule. Katika maeneo haya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si habari ngeni, na kijana anayemaliza Kidato cha Nne bila kuweza kulinganisha namba za mipaka kwenye hati na mahali aliposimama hana kinga kuliko babu yake aliyepima shamba kwa hatua. Wanunuzi wakubwa huja na wapimaji wao.

Kama mahali pa kufanyia majaribio panatafutwa, Shirika la Elimu Kibaha lina sifa. Lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki uliokubaliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, ukiunganisha shule, kilimo na afya katika eneo moja. Shule na mashamba hayo yako pembeni mwa Barabara ya Morogoro, katika mji ambao ramani yake inahitaji kuchorwa upya.