Mpango wa Dharura wa Ndege za Kukodi Uanzie Mahali Ndege Inapotua

Ajali ya ndege ya Shirika la Precision Air iliyotokea Bukoba mkoani Kagera, Jumapili ya Novemba 6, 2022, iliacha somo ambalo bado halijafika kila mahali linapostahili kufika. Ndege hiyo aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na kubeba watu 43, ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walipoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili, na watu 24 walinusurika. Wa kwanza kufika hawakuwa waokoaji wenye sare. Walikuwa wavuvi, wakiwa na mitumbwi, kamba na mikono yao.

Taifa liliwashukuru wavuvi hao. Kijana mmoja miongoni mwao, kwa maelekezo ya Rais, alichukuliwa kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Shukrani hiyo ilistahili. Hata hivyo, nyuma ya shukrani kuna swali la kiutendaji: ikiwa aliye karibu ndiye mwokoaji wa kwanza, je, mpango wa dharura wa mwenye ndege unamtaja popote?

Swali hili huulizwa zaidi kuhusu mashirika yenye safari za ratiba. Uzito wake ni mkubwa zaidi kwa ndege za kukodi na ndege zinazomilikiwa na kampuni kwa shughuli zake. Ndege hizi hubeba watalii wanaokwenda hifadhini, wahandisi wa migodi, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali, wawekezaji na viongozi. Aghalabu ni ndogo, mwendeshaji wake ana ndege chache na watumishi wachache, na hutua mahali ambapo ndege za ratiba hazifiki: viwanja vya changarawe na vya nyasi, visivyo na gari la zimamoto wala mnara wa kuongozea ndege.

Wajibu wa uongozi

Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kilichoanza kutumika Novemba 2013 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kinaweka mfumo wa usimamizi wa usalama wenye nguzo nne na vipengele 12. Nguzo hizo ni sera na malengo ya usalama, usimamizi wa vihatarishi, uhakiki wa usalama, na uhamasishaji. Msomaji angeweza kudhani kwamba mpango wa kukabiliana na dharura umewekwa chini ya vihatarishi, au chini ya shughuli za kila siku za marubani. Sivyo. Uratibu wa mpango huo umewekwa katika nguzo ya kwanza, pamoja na dhamira ya menejimenti na uwajibikaji wa mkuu wa taasisi.

Mahali ulipowekwa pana maana. Mpango wa dharura ni jambo la mwenye mamlaka ya kutoa fedha na kufanya uamuzi. Katika kampuni nyingi, hata hivyo, huwapo madaftari mawili yasiyokutana. Moja ni la usalama wa safari, analolitunza ofisa usalama. Jingine ni rejista ya vihatarishi vya biashara, linalotunzwa na idara ya fedha, likizungumzia mikopo, bei ya mafuta na thamani ya shilingi. Dharura ya ndege huangukia katikati ya madaftari hayo, ingawa ikitokea hugusa yote kwa siku moja: uhai wa watu, bima, leseni, mkopo wa benki na jina la kampuni. Usimamizi wa vihatarishi wa taasisi nzima, kwa namna unavyoelezwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 31000 kilichohuishwa mwaka 2018, unataka kuondoa mgawanyiko wa aina hiyo, ili kihatarishi kizingatiwe katika kila uamuzi, kuanzia mezani kwa bodi.

Cheti na mazoea

Mfano wenye uchungu unatoka Marekani. Usiku wa Mei 31, 2014, katika kiwanja cha Hanscom karibu na mji wa Bedford, jimbo la Massachusetts, ndege ya jeti aina ya Gulfstream IV ilishindwa kuruka. Ilipita mwisho wa njia, ikaingia katika bonde la mto na kuwaka moto. Watu wote saba waliokuwamo walifariki dunia. Wachunguzi walibaini kwamba marubani hawakuwa wamefungua kifaa kinachokaza usukani na sehemu za mkia na mabawa wakati ndege imeegeshwa, kinachozuia upepo usiziyumbishe, na hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani kabla ya kuondoka.

Jambo zito zaidi lilipatikana katika kumbukumbu za ndege yenyewe. Kati ya mara 175 zilizotangulia ambazo marubani hao waliirusha ndege hiyo, ukaguzi kamili ulikuwa umerukwa kwa asilimia 98. Hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa wazoefu, na walikuwa wamerushana pamoja kwa miaka. Kampuni iliyoendesha ndege hiyo ilikuwa imekwisha kukaguliwa na kutambuliwa chini ya kiwango cha kimataifa cha ndege za shughuli za kampuni. Cheti kilikuwapo. Taarifa za mazoea mabaya nazo zilikuwapo, zimehifadhiwa ndani ya ndege. Aliyekosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuzisoma na kuwauliza marubani.

Mpango wa dharura unaweza kupatwa na hali hiyo hiyo. Kitabu kinaweza kuandikwa vizuri, kikapita ukaguzi, kikawekwa kabatini, huku namba za simu zilizomo zikiwa za watumishi walioondoka miaka mitatu iliyopita.

Mpango unaoifuata ndege

Kwa viwanja vikubwa, viwango vinafahamika. Kiambatisho cha 14 kinataka zoezi kamili la dharura lifanyike angalau mara moja katika kila miaka miwili, au liendeshwe kwa awamu ndani ya kipindi kisichozidi miaka mitatu. Kinalenga huduma ya zimamoto ifike sehemu yoyote ya njia ya kuruka na kutua ndani ya dakika tatu, katika hali nzuri ya hewa. Kinataka pia kwamba kiwanja kilicho karibu na maji au kinamasi, ambako sehemu kubwa ya safari za kutua au kuruka hupita juu ya maeneo hayo, kiwe na waokoaji maalumu walio tayari na wanaoratibiwa katika mpango wake. Kwa viwanja vya kandokando ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na vya visiwani, sharti hilo lina uzito wa kipekee.

Ndege ya kukodi inapotua katika kiwanja kidogo cha hifadhini, hakuna dakika tatu za kuhesabu. Aliye karibu ni askari wa hifadhi, dereva wa watalii au mpishi wa kambi, na hospitali kubwa inaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Mpango uliotungwa Dar es Salaam au Arusha, ukieleza nani ataitisha kikao na nani atazungumza na vyombo vya habari, haumsaidii majeruhi aliyeko Seronera katika nusu saa ya kwanza. Kwa kila kiwanja ambacho ndege zake hutua, mwendeshaji anapaswa kuwa na ukurasa mmoja: nani yuko karibu, ana chombo gani, simu yake inapatikana wapi, njia ya gari inapitika msimu gani, na zahanati yenye uwezo iko umbali gani. Kisha wahusika hao wajue kwamba wametajwa, na waonyeshwe angalau mara moja milango ya dharura ya ndege hufunguliwaje kutoka nje.

Kabla ya kuokoa, sharti ndege ipatikane. Juni 10, 2024, katika nchi jirani ya Malawi, ndege ya kijeshi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilitoweka baada ya kushindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya hali ya hewa. Mabaki yake yalipatikana siku iliyofuata katika msitu wa Chikangawa, bila mtu aliyesalia. Mfumo wa kimataifa wa setilaiti unaopokea ishara za ndege zilizopata ajali husikiliza mawimbi ya megahezi 406. Usikilizaji wa mawimbi ya zamani ya 121.5 kwa setilaiti ulikoma Februari 1, 2009. Kifaa cha megahezi 406 hubeba utambulisho wake, na waokoaji hutumia utambulisho huo kumtafuta mmiliki. Kifaa kisichosajiliwa, chenye betri iliyokwisha muda, au kilichosajiliwa kwa simu isiyopokewa, huwapotezea waokoaji muda ambao majeruhi hana.

Vivyo hivyo kwa orodha ya abiria. Katika ndege za kukodi, abiria hubadilika dakika za mwisho: mmoja hughairi, mwingine hupewa nafasi yake. Ikiwa orodha sahihi haikuachwa ardhini, familia moja itapewa msiba usio wake, na nyingine itaendelea kungoja simu.

Gharama, na wajibu wa kila mmoja

Hoja husikika kwamba haya ni mambo ya mashirika makubwa. Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa haki. Kanuni za ICAO zenyewe zinataka mfumo wa usalama ulingane na ukubwa na ugumu wa shughuli za mwendeshaji. Mwenye ndege mbili hatakiwi kuwa na idara nzima ya dharura. Anahitaji orodha ya simu inayojaribiwa kila mwezi, zoezi la mezani la saa mbili ambalo mkurugenzi mwenyewe anahudhuria, makubaliano ya maandishi na kambi na hifadhi anakotua, na taarifa za safari zinazosomwa kabla ya ajali. Gharama kubwa katika orodha hiyo ni muda wa uongozi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kamati hizo ndizo mahali panapofaa kuwakutanisha mwendeshaji wa ndege, mwenyekiti wa kijiji na kiongozi wa kikundi cha wavuvi kabla ya siku ya ajali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inapokagua mpango wa dharura, haitoshi kuuliza kama upo. Iulizwe ulifanyiwa mazoezi lini, wapi, na nani wa eneo husika alishiriki. Vifaa vya uokoaji majini navyo vina thamani pale tu vinapokaa karibu na maji, vikiwa na mafuta na watu wenye mafunzo.

Mwananchi anayekodi ndege, au anayesafirishwa na mwajiri wake, ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kupanda: jina langu limeachwa kwa nani, kifaa cha ishara ya dharura kimesajiliwa, na tukipata matatizo tunakokwenda, nani atafika kwanza? Kwa wanaoishi jirani na viwanja vidogo, ni vyema kukumbuka kwamba namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya Polisi ni 112, na kwamba kutoa taarifa mapema, kwa kutaja mahali kwa usahihi, ni sehemu ya uokoaji.

Wavuvi wa Bukoba waliingia majini bila kuitwa, kwa sababu waliona watu wakizama. Ujasiri huo hauwezi kuandikwa katika mpango wowote, wala hautakiwi kugeuzwa kuwa mbadala wa mpango. Kinachowezekana, na kinachopaswa kudaiwa kwa kila mwendeshaji wa ndege, ni kwamba siku nyingine mtu kama huyo atakapofika wa kwanza, awe anajua mlango unafunguliwa wapi, ana kamba imara na jaketi la kujiokolea, na waokoaji wenye sare wako njiani.