*TAARIFA YA TAWI LA KAOLE: HASIRA ZETU ZIENDE PANAPOSTAHILI*

Agosti 2025



Tangu itoke amri ya Julai inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo rejareja, ufundi simu na viwanda vidogo, kundi letu limejaa ujumbe wa "wafukuzwe wote". Amri tunaiunga mkono. Duka la mangi halihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Lakini kijana wetu anayebeba mifuko kiwandani haongezewi hata shilingi moja kwa sababu Mchina amefunga kibanda cha simu.

Tupige hesabu. Kima cha chini cha viwanda na biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, unapata 5,769 kwa siku. Sasa mwajiri anayemwita mtu kibarua miaka 3 mfululizo hampelekei NSSF. Fungu la mwajiri, asilimia 10 ya kima hicho, ni 15,000. Vibarua 200 ni milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka. Hiyo ni pensheni ya watoto wetu, na anayebaki nayo anaweza kuwa mgeni, anaweza pia kuwa na kitambulisho cha NIDA kama sisi.

Kuhusu wageni wa viwandani, sheria ipo tangu 2015: kibali cha kazi hakizidi miaka 2, kikihuishwa jumla yake ina ukomo, na mwajiri awe na mpango wa Mtanzania kurithi kazi ile. Nani kati yetu ameuona mpango huo? Hilo ndilo la kudai kwa maofisa kazi, siyo kumzomea fundi wa watu njiani. (Na Mchina hakuanza jana: magofuni kwetu pana vyombo vya Kichina vya karne na karne.)

Wapo wanaosema utandawazi hauzuiliki. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kututoa AGOA, tukarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Yote hayo yaliamuliwa na watu mezani, na yanayoamuliwa mezani yanabishiwa. Ingawa, tuseme kweli, wengi wetu tunayasoma haya tukiwa tumevaa mitumba.

Bandari ya Mbegani ilisainiwa 2013, ikasimama 2019, baadaye ikazungumzwa upya. Ikija na viwanda vyake bila sisi kudai mikataba mapema, tutapewa fulana za kibarua na kuambiwa tushukuru.

Kwa hiyo: kila mwanachama anayefanya kazi kiwandani, au mwenye mtoto huko, alete nakala ya mkataba, au aje atuambie hana, ofisi ya tawi Jumamosi saa 10 jioni. Majina hatutayatoa nje. Tukipata idadi kamili tutaandika barua kwa Ofisa Kazi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya.

Ujumbe wa kutukana wageni tutaufuta kundini.

*Katibu wa Tawi, Kaole*