Simu inaweza kujua jani, lakini mgonjwa haji na jani

Kitengela imejaa mageti na bustani pale palipokuwa malisho ya Wamaasai juzi tu. Waliohamia hapa hupenda kupanda oleanda kando ya ukuta: maua yanavutia na jua kali haliutishi mmea huo. Lakini kila sehemu ya oleanda ina sumu ya moyo. Ukishuka kuelekea Kajiado mjini, wazee watakueleza kuhusu msunguti, au olmorijoi kwa Kimaasai, ambao sumu yake ilipakwa kwenye mishale. Nayo huvuruga mapigo ya moyo vivyo hivyo.

Sasa piga picha: mtoto analetwa hospitalini usiku, anatapika, moyo unapiga polepole. Daktari aliye zamu ndiyo kwanza ametoka chuo. Kama somo la mimea yenye sumu alilipata kwa slaidi chache, atashuku nini?

Wengi watasema, si kuna apu? Ni kweli. Pl@ntNet na iNaturalist hutambua mmea kwa picha. Noma ni kwamba mgonjwa hafiki akiwa ameshika jani mkononi. Anafika na dalili tu.

Kwa hivyo programu ya kumfunza mwanafunzi wa udaktari inafaa ianze na mgonjwa, si mmea. Impe mgonjwa wa kwenye skrini: mdomo mkavu, mboni zimepanuka, moyo unaenda mbio, anaweweseka. Je, ni malaria imepanda kichwani, au amekula mnanaha? Akikosea hapo, hakuna anayekufa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu ya aina hiyo kiliua watu 5 na mamia wakaugua.

Pili, majina. Kitengela mzazi mmoja atataja mmea kwa Kimaasai, mwingine kwa Kikamba au Kikuyu. Hata Kiswahili kina mtego: mbono ni mbarika kwa wengi, ilhali mbono kaburi ni mmea mwingine kabisa. Programu isiyojua majina haya haitatusaidia.

Maarifa yenyewe tunayo. Kitabu cha Verdcourt na Trump kuhusu mimea yenye sumu Afrika Mashariki kilitoka 1969, na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yamehifadhi sampuli za mimea. Kilichobaki ni vyuo kuketi na wataalamu hao pamoja na wazee wa Kajiado, kisha kuunda kitu kinachofanya kazi hata bando likiisha.

Lakini tusidanganyane, skrini haitibu. Sri Lanka, madaktari waliijua vizuri sumu ya oleanda ya manjano, ila dawa ya kuizima ilipokuwa ghali kupindukia mwaka 2001, vifo viliongezeka. Kaunti ikinunua tableti za kufunzia, inunue pia mashine za kupima moyo na dawa.