TAHARIRI: KIKOMBE CHA MAHARAGE NA GUNIA LA MAHARAGE

Ndugu wanakijiji,

Kwanza mtuwie radhi kwa mwandiko. Kalamu ya buluu iliisha wino katikati ya kazi, ikabidi tuendelee kwa nyekundu. Maneno ni yale yale, msidhani yale mekundu ndiyo ya ukali.

Wapo wanaotucheka kwa kujiita wanakijiji hali tunakaa Jangwani, na makelele ya Kariakoo tunayasikia tukiwa kitandani. Wacheke tu. Ushirika wetu tuliuanzisha kwa desturi ya kijiji: kujuana, kuzikana, kuulizana nani amelala bila kula. Na hilo la mwisho ndilo limetufanya tuandike leo.

Katika darasa letu la jioni la watu wazima tulipewa kazi na mwalimu. Kila mwanadarasa aandike katika daftari, kwa muda wa wiki mbili, kila alichonunua cha kuliwa nyumbani kwake, kiasi na bei. Wengine walinung'unika kuwa ni kuchungulia vyungu vya watu. Sisi wenyewe, tuliojifunza kusoma ukubwani, tulidhani ni zoezi la kukamilisha herufi tu. Kumbe jamani! Madaftari yalipokusanywa yalisema mambo ambayo mikutano yetu mitatu haikuyasema.

Jambo la kwanza ni kwamba sisi maskini tunanunua vitu kwa bei kubwa kuliko matajiri. Msishangae, fuateni hesabu. Tuseme kilo moja ya maharage ni shilingi 3,000. Mwenye hela ya siku hanunui kilo, ananunua kikombe kwa shilingi 700. Vikombe vitano ndiyo kilo. Basi amelipa shilingi 3,500. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 5,000, na kile kipimo kidogo cha dukani ni shilingi 500, navyo vinatoka kumi na viwili katika lita. Amelipa 6,000. Nyumba inayokula kilo mbili za maharage na lita moja ya mafuta kwa wiki inapoteza shilingi 2,000 kila wiki, maana yake shilingi 104,000 kwa mwaka. Bado hatujahesabu mkaa wa kopo, sukari ya kufunga na unga wa robo. Bei zinapanda na kushuka, lakini hesabu yenyewe haibadiliki. Hatumlaumu mwenye duka, maana naye ana kodi ya kulipa na mzigo wake ananunua kwa mwingine. Tunasema tu kwamba hela hiyo ilikuwa yetu na ingeweza kuwa sare ya mtoto.

Jambo la pili ni zito zaidi, na tuliogopa kuliandika. Katika madaftari mengi, baba anakula asubuhi nje. Supu, chapati mbili, chai ya maziwa. Nyumbani mama na watoto wanakunywa chai ya rangi na andazi moja moja. Mchana watoto wanapewa hela ya chipsi ili mama apate nafasi ya kufanya biashara yake. Jioni ndipo chungu kinateremka, na hapo tena kipande kikubwa ni cha baba! Baba anayebeba mizigo sokoni anahitaji nguvu, hilo tunalikubali. Lakini mtoto wa miaka miwili naye anabeba mzigo, anajenga mifupa na ubongo, na kazi hiyo hairudiwi akishakua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Wengi wao hawaonekani wana njaa. Wanacheza, tumbo limejaa, ila limejaa kitu kimoja tu kila siku.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi chini ya miti, redio moja katikati, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1980 tunakumbuka zaidi foleni ya duka la ushirika, na unga wa yanga ambao tuliukimbia kwa rangi yake ya njano. Siku hizi foleni hakuna na maduka yamejaa, bali mfuko ndio mtupu. Njaa ya namna hii haina ukame wala haitangazwi. Inaingia kwa kikombe.

Mfano mzuri ni Iringa. Kuanzia mwaka 1983 vijiji 168 vya mkoa ule viliingia katika mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Mambo yao hayakuwa ya ajabu. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, na kamati ya kijiji ikakaa na kuuliza: mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Mama yuko shambani kutwa? Anakula mara mbili tu? Aliugua? Halafu wakaamua la kufanya kwa uwezo wao wenyewe. Mwaka 1984 watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa kama 6 katika 100. Mwaka 1988 walikuwa pungufu ya 2. Misaada ilikuwapo, hatukatai, lakini aliyeuliza lile swali la kwa nini alikuwa jirani.

Sasa tuzungumze chungu chenyewe, maana wengine wanadhani kula vizuri ni kula kuku. Si kweli.

Unga. Tumezoea sembe nyeupe kwa sababu inapendeza machoni. Sembe imeondolewa ganda na kiini, na huko ndiko viliko vitamini vya kundi B, mafuta kidogo na nyuzinyuzi za kusaidia tumbo. Dona inabaki navyo na inashibisha kwa muda mrefu. Ila dona haikai sana, kwa kuwa kile kiini kina mafuta yanayochacha, hivyo sagisheni kidogo kidogo. Na angalizo moja kubwa: mahindi yawe makavu na yachambuliwe, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi na yaliyovunjika yatupwe. Msiseme ni hasara. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Sumu ile haiishi kwa kupikwa, na kuwapa kuku mahindi yale si dawa.

Mboga ya kutia nguvu. Maharage, kunde, choroko na dagaa ndiyo nyama yetu. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata na madini ya mifupa. Wengine wanaona haya mgeni akikuta dagaa mezani. Haya hiyo ina gharama. Maharage yalowekeni usiku kucha, maji yamwagwe, ndipo yapikwe, mtaona mkaa unavyobaki. Choroko zinaiva upesi kuliko maharage, na katika mji huu wa mkaa wa kopo, chakula kinachoiva upesi ni rahisi hata kama bei yake sokoni imezidi kidogo. Mama mmoja wa darasa letu aliligundua hilo mwenyewe kwa daftari lake, wala hakuambiwa na bwana lishe.

Chai msinywe pamoja na chakula, subirini kidogo, kwa kuwa chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Kamulieni ndimu juu ya mboga, ndimu inasaidia. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, uji wa dona wenye karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa unafaa, na apewe mara nyingi kwa siku, maana tumbo lake ni dogo kama ngumi yake.

Mboga za majani, hapa tunaingia penye mwiba. Baadhi yetu tunaishi kwa mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi, na tuandikao nasi tumekula mchicha huo miaka mingi. Lakini haifai kuficha. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mto Sinza na mto Msimbazi, wakakuta ndani yake madini ya sumu kama risasi na kadimi. Mto huu unapokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani, sote tunaona rangi yake. Kuosha mboga kunaondoa udongo na vijidudu, madini yaliyoingia ndani ya jani hayaondoki. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba wanaushirika waache kumwagilia kwa maji ya mto, hata kama wateja hawaulizi. Tunajua kuna wenzetu watakasirika na kusema katibu anawaharibia riziki. Waje tuzungumze. Kwa matumizi ya nyumbani, kiroba kimoja cha udongo safi, kilichotobolewa pembeni na kumwagiliwa maji ya bomba, kinaweza kuotesha mchicha wa kutosha kuongezea chungu, hata kwenye kibaraza.

Tunarudi kwenye gunia. Kisanduku chetu cha ushirika kina akiba, kiasi chake mlisomewa. Kuna hoja mbili. Ya kwanza inataka tununue spika na viti vya kukodisha kwenye sherehe. Ya pili inataka tununue mahindi na maharage kwa magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuweke, tuuziane kwa kilo kwa bei ya kununulia pamoja na nauli. Sisi tunaunga mkono ya pili, na tunasema hivyo bila kuzunguka.

Wanaopinga wana sababu na tuziheshimu. Wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, maji yalipoingia majumbani humu na watu wengi wakahamishiwa Mabwepande. Gunia lililokuwa chini siku ile lilichipua. Wanakumbuka pia usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko la Kariakoo lilipoungua, soko lile lile alilolichora Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na ndugu zetu wenye vizimba wakapoteza mali. Wanasema mali ya kulimbikiza ni mali ya kupotea. Jibu letu ni kwamba ghala lisiwe bondeni. Yupo mwanachama mwenye chumba upande wa juu, amekubali kukitoa. Magunia yakae juu ya vichaga, yasiguse ukuta, na maharage yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili bungo'o wasiyamalize. Tuanze na magunia machache. Yakiharibika, hasara tutaijua na tutaimudu.

Pingamizi jingine ni la uaminifu. Hapo tuliposhika kalamu tunajishika na sisi wenyewe. Katika kikao cha kamati cha mwezi uliopita, kilichozungumzia hali ngumu ya chakula, wajumbe tulikunywa soda na kula pilau kwa hela ya kisanduku. Hakuna aliyeiba, iliandikwa kwenye kitabu. Lakini kitabu kikisomwa na mama anayenunua maharage kwa kikombe, atatuonaje? Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa vikao vya kamati ni maji ya kunywa na basi. Mjumbe mmoja alinuna. Na ghala litakuwa na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili, mmoja wao awe mwanamke asiye katika kamati, na mizani ipimwe mbele ya watu kila Jumamosi kwa jiwe la kilo moja.

Kuna nyumba chache katika madaftari ambazo hata bei ya gunia haitazisaidia, kwa kuwa hela yenyewe haipo. Nyumba hizo hatuzitaji hapa ukutani, na anayedhani amezijua anyamaze. Pendekezo letu ni kwamba kila mwenye kununua kilo tano aache kikombe kimoja katika ndoo ya pembeni, na mgawo upelekwe usiku, bila maneno.

Mkutano ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri, uwanja wa kawaida. Ikinyesha tutakuwa barazani. Agenda ni hiyo moja. Akina baba tunawaomba waje wenyewe, wasitume wake zao na maagizo. Waliokuwa na daftari waje nalo. Asiyekuwa nalo aje na kumbukumbu ya alichokula jana, yeye na watoto wake, kila mmoja mbali.

Katibu