Nywila Ndefu, Hifadhi Salama

Wadukuzi walipoivamia kampuni ya RockYou ya Marekani mwezi Desemba 2009, walitwaa nywila, yaani maneno ya siri ya kufungulia akaunti, zaidi ya milioni 32, ambazo kampuni hiyo ilizihifadhi wazi bila kuzificha kwa namna yoyote. Iliyotumiwa na watu wengi zaidi ilikuwa 123456. Kwa kuwa wengi hurudia nywila moja kila mahali, akaunti moja ikivunjwa, barua pepe na huduma za fedha nazo huingia hatarini.

Kwa miaka mingi watumiaji walilazimishwa kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache, desturi iliyowachosha hata wakawa wanaongeza tarakimu moja tu mwishoni, na ni jambo la kheri kwamba mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza, ikatilia mkazo urefu. Maneno sita yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 ni magumu mno kubahatishwa hata na kompyuta, ilhali hukaririka. Kwa kuwa mtu hawezi kukariri nywila tofauti kwa kila akaunti, nyingine zitunzwe katika programu maalumu inayozisimba, yaani inayozigeuza zisisomeke bila ufunguo.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mtumiaji peke yake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimekwisha kutungwa, na wasimamizi wake wanapaswa kuzikagua kampuni kabla nywila za wananchi hazijavuja.